Daftari la Mapazia

Daftari hili lilikuwa la mapazia.
Ukurasa wa kwanza, mwandiko wa mama:
Bi Gohar, madirisha mawili, kitambaa cha kahawia,
amelipa nusu.
Nililigeuza juu chini nikaanzia nyuma
siku daktari Haykuhi aliposema sentensi nzima
nami nikaelewa "na" peke yake.

Uvimbe. Hili nilidhani nalijua.
Kumbe uko uvimbe unaokaa ulipoota,
mgeni aliyesinzia kwenye kochi,
na uko unaoamka usiku kujaribu vitasa vya vyumba.
Wetu ni upi?
Ngojeni, walisema, tukate kipande.

Biopsi: kukata kipande.
Mama alicheka. "Sampuli, basi.
Hata mimi sishoni kabla sijashika kitambaa."

Siku kumi na moja.
Theluji ya Gyumri ilikaa juu ya mawe meusi ya nyumba zetu,
nami nikatengeneza friji ya jirani mara mbili
ingawa iliharibika mara moja.

Majibu yakaja: chanya.
Nikampigia dada yangu Arpine, Marseille,
nikalitamka neno kama nilivyopewa,
naye akapiga vigelegele
hadi nikamsikia mumewe akiuliza kuna nini.
Ilinibidi nimnyamazishe.
Nikaandika kwa herufi kubwa:
CHANYA SI HERI. HASI NDIYO HERI.

Hatua ya tatu.
Zaven, mwanangu, alipopiga hatua yake ya tatu sebuleni
mama alikuwa amepiga magoti mbele yake, mikono wazi,
pini za ushonaji bado mdomoni,
tukashangilia mpaka mtoto akaogopa, akaketi.
Nikauliza: ziko ngapi?
Nne.
Sikuuliza mtu huenda wapi
akishamaliza hatua.

Kisha treni ya Yerevan, kila wiki ya tatu.
Tibakemikali: neno refu kuliko subira yangu.
Dawa nyekundu kwenye mrija,
rangi ya komamanga hasa,
na mama, ambaye maishani mwake hakuwahi kuacha komamanga,
hataki tena kuliona hata sokoni.
Nywele alizikata mwenyewe, kwa mkasi wa kazi,
mstari umenyooka.

Kingo safi: nililipenda hili.
Maana yake walipokata, pembezoni hawakukuta kitu.
Mama alitikisa kichwa kama fundi anayemkagua fundi:
"Ameacha pindo. Anajua kazi huyo."

Mwisho wa ukumbi ule kuna mlango umeandikwa Tiba Shufaa.
Miezi mitano niliupita kwa haraka, macho sakafuni.
Siku moja mama alishindwa hata kuinua kikombe kwa maumivu,
muuguzi akatupeleka humo humo.
Nikaganda mlangoni.
"Si kwa wanaokufa tu," akasema. "Ni kwa wanaoumwa. Pita."
Kushufaa ni kumwombea mtu,
kusimama kati yake na kitakachompata.
Usiku ule alilala. Nami.

Na neno la mwezi huu: nafuu.
Niliuliza, amepona?
Daktari akajibu, ana nafuu kamili,
akalishika neno lake, wala hakulipokea langu.
Nimeandika: Nafuu, ugonjwa hauonekani.
Halafu: kutoonekana si kutokuwepo.
Halafu nikaifuta sentensi ya pili,
asije akaisoma.

Ameisoma. Kalamu yangu hukandamiza,
na yeye ana vidole vya kusoma mishono gizani.
Hakusema kitu. Amesahihisha tu "mioyonzi" kuwa "mionzi",
kwa chaki ya nguo,
akaligeuza daftari upande wake.

Bi Gohar, amemaliza deni.
Hoteli ya stesheni, madirisha kumi na manne, kijani.

Nimehesabu kurasa tupu: zimebaki kumi na tisa.
Yeye anakuja kutoka mbele,
mimi natoka nyuma,
naandika maandishi madogo sasa,
madogo kadiri niwezavyo.